Fahali wa Jatani na Mkoma wa Vichwa Viwili

Jumatatu, 4 Agosti
Redio ya hapa Garsen inatafuta msimulizi wa kila Ijumaa. Sauti yangu hewani! Majaribio ni Jumamosi, sokoni, mbele ya watu. Nikamwonjesha Stacy, mtangazaji, kisa changu cha fahali aliyevuka mafuriko. Akapiga miayo. Akasema, kaka Fondo, fahali gani huyo? Simwoni. Nikamjibu ni ng'ombe, ana miguu minne. Akasema Muslima muuza maziwa akitaja kibuyu cha maziwa tu, yeye Stacy husikia harufu ya moshi kilichofukiziwa. Kibuyu! Mimi fundi baiskeli wa miaka kumi na tisa nishindwe na kibuyu?

Jumatano, 6 Agosti
Dawa imepatikana. Nilishinda kwenye mnada wa mifugo, nikijifanya natia gurudumu upepo. Mfugaji mmoja akawa anaeleza fahali: mweupe, doa jekundu bega la kushoto, pembe ya kulia imelala hadi jichoni, sikio lina mikato miwili. Nilimwona yule mnyama! Nikaandika yote kiganjani, nikaondoka mbio kabla sijasahau. Alikuwa bado anaongea.

Jumamosi, 9 Agosti
Nikamtoa fahali majini. Doa, pembe, sikio. Stacy aliacha kutafuna. Nikaongeza mahali: nyuma ya mashamba ya Kulesa, penye mti wa mkoma uliogawanyika vichwa viwili. Mzee Jatani, mfugaji, akainuka na fimbo yake, akauliza nimemwona lini. Nikasema namwona hata sasa. Akalia. Machozi kabisa! Nikainama kupokea sifa.
Kumbe fahali ni wake. Amepotea siku kumi, na alama zake zimetangazwa hadi Kilelengwani. Kwa wafugaji, ukitaja ng'ombe kwa sikio lake umeshatoa ushahidi. Nikasema jamani, ni hadithi. Jatani akasema hadithi haikatwi masikio. Wanawe wakanishika mikono: twende, fundi, tuonyeshe huo mkoma.

Jumanne, 12 Agosti
Siku tatu vichakani. Kulesa karibu kila mkoma una vichwa viwili. Tumeikagua yote. Leo tumepata mtandao, simu ya Jatani ikaita: fahali alirudi mwenyewe nyumbani Jumapili asubuhi. Jatani akacheka peke yake njia nzima. Hakuniomba radhi.

Ijumaa, 15 Agosti
Muslima hewani. Kisa: fundi baiskeli anayepiga hodi kwa mikoma. Kandambili moja bluu, moja kijani. Wino wa kiganjani umehamia shavuni. Wateja wangu walicheka hadi chai ikawatoka puani. Watoto wa jirani wameshakikariri.
Nimekaa nikachunguza kosa langu. Ni ng'ombe. Ng'ombe wana wenyewe wengi mno. Safari hii ni ngamia: jike, kovu la shingoni mfano wa ufunguo, nundu imeegemea kushoto. Nimemsikia Hanad, mwenye duka la nafaka, akimweleza hivyo kila mteja tangu asubuhi, sauti ikimtetemeka. Ana kipaji yule mtu! Nimeandika yote.