Miaka Saba ya Kumbwekea Soksi

4 Machi, Jumatatu

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Miaka saba nambwekea studioni Soksi, mbwa wa katuni, kipenzi cha kila nyumba yenye mtoto na televisheni. Miaka saba! Nimebweka kwa furaha, kwa njaa, kwa kuogopa radi. Leo mwongozaji katangaza kwamba katika kipindi cha mwisho cha msimu Soksi atapotea, atarudi, na kwa mara ya kwanza atasema maneno ya watu: "Msilie, nimerudi." Nikaanza kusafisha koo. Kumbe maneno kapewa Kikohozi! Yule anayetia sauti ya baba mwenye nyumba, asiyeweza kuanza sentensi bila kukohoa mara tatu. Mwongozaji anasema sauti ya Kikohozi ina uzito. Na yangu ina nini, manyoya?

5 Machi, Jumanne

Dawa yao nimeipata. Mwongozaji akisoma barua ya mtoto huyeyuka. Basi nitampa watoto mpaka achoke. Nimeandika barua kumi na nane kwa mkono wa kushoto, kwa kalamu za rangi za binti wa kaka yangu. Ana miaka sita na roho ngumu kama ya mama yake. Nyekundu kaninyima. Aliuliza naandika nini, nikamwambia Soksi anataka kusema. Akajibu kwamba Soksi husema kila siku, ila mimi simsikilizi. Mimi! Wifi naye kachungulia mlangoni, akauliza kama nimeandikishwa chekechea. Sikumjibu. Wifi ukimjibu umempa chakula.

7 Machi, Alhamisi

Nimeumbuka. Mwongozaji alituita wote, akasoma barua kwa sauti, macho yamemlowa. Watoto kumi na mmoja mfululizo wanaomba Soksi aseme kwa sauti ya yule yule anayembwekea. Mambo yalikuwa yananyooka. Akafika ya kumi na mbili. Mtoto wa miaka mitano anaomba huyo anayebweka apewe kiti chenye mgongo, maana stuli inamuua kiuno, na Kikohozi aache kumaliza maji ya moto kwenye birika.

Kikohozi akaweka kikombe chini taratibu. Wote wakanigeukia. Nilisema watoto wa siku hizi wanajua mengi. Hakuna aliyecheka.

8 Machi, Ijumaa

Leo nimegoma. Nimezungushia shingo taulo na kumwambia Wifi awapigie simu, aseme sauti imekatika kabisa. Kapiga, lakini kasema imekatika "namshukuru Mungu". Nikakaa sebuleni kungoja waje kupiga magoti. Bila mimi hakuna mbwa, na bila mbwa hakuna kipindi.

Saa kumi jioni fundi wa sauti akapiga kunipa pole. Akaniambia nipumzike tu, kazi ya leo imekwisha. Imekwishaje? Kumbe kila mbweko niliowahi kubweka ameuhifadhi kwenye kompyuta yake, una namba na maelezo. Mia mbili na kumi na mbili! Wamenibadilisha na mimi mwenyewe! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kiko kooni. Nimetupa taulo ukutani, na Wifi kaniambia niliokote.

11 Machi, Jumatatu

Nimerudi na moto. Nilimwambia mwongozaji mbele ya wote kwamba ni dhuluma. Kachoka nami, nilimwona. Akasema haya, tutarekodi sauti zote mbili, Jumatano watoto wa wafanyakazi waje waamue. Nikasema "Msilie, nimerudi" mara tisa, kwa heshima zote, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani kaguswa.

Jioni nimempa binti wa kaka yangu mfuko mzima wa peremende. Kazi yake ni moja: akisikia sauti yangu apige makofi kwanza, wengine watafuata. Kakubali. Peremende kazila hapo hapo.

13 Machi, Jumatano

Watoto ishirini sakafuni, wazazi nyuma. Ikaja sauti ya Kikohozi. Wakacheka mpaka wakalala. Nilifurahi kupita kiasi. Ikaja yangu. Hawakucheka. Hawakufanya chochote. Nikamkonyeza wangu wa peremende. Akasimama, lakini makofi hakupiga.

"Shangazi," akasema, "Soksi umempeleka wapi?"

Fundi, bila kuambiwa na mtu, akarudisha picha nyuma na kuweka mbweko namba thelathini na moja. Naukumbuka. Mwaka wa kwanza, siku niliyojigonga kidole cha mguu kwenye meza. Soksi akaingia mlangoni, akabweka mara moja tu. Chumba kizima kikatulia. Binti wa kaka yangu akapanda mapajani kwa mama yake, na Wifi huyo, ambaye hata vitunguu havimlizi, akajifuta macho kwa kiganja.

Mwongozaji kaamua Soksi hatasema kamwe, kwa kuwa hana haja. Kikohozi kanipa mkono, tena bila kukohoa. Wamenipa kiti chenye mgongo.

14 Machi, Alhamisi

Kiti chenyewe kinalia kila nikijisogeza! Makusudi, najua.

Nimewaza sana kuhusu jana. Watu wazima wamelia kwa mbweko mmoja. Maana yake iko wazi: kipaji hiki ni kikubwa mno kwa mbwa. Na leo nimesikia msimu ujao anaingia bibi wa familia, na sauti yake inatafutiwa mtu mwenye uzito. Uzito tena! Damu imenichemka. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nimeomba kalamu za rangi. Mtoto kanitazama kwa muda, akapumua, akanipa mpaka nyekundu. Ya kwanza nimeshaimaliza: "Mimi ni mtoto wa miaka mitano. Naomba bibi atiwe sauti na yule mama anayebweka. Na kiti chake kitiwe mafuta."