Mkubwa wa Mkurugenzi

Idara ya Upatanisho wa Mifumo inayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba hifadhidata yetu ya zamani na maktaba yetu mpya ya programu sasa zinaelewana. Hakuna mtu aliyechangia mafanikio haya kuliko mimi, Mkurugenzi Mkuu. Nalisema hili bila majivuno, maana majivuno yangu yote yaliishia kwenye kazi yenyewe.

Kwa wasio wataalamu nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi, tena zaidi ya mara moja. Hifadhidata yetu tunaiita Bibi. Inakaa ghorofa ya chini, kwenye chumba chenye baridi kali, na haimjui mtu kama mtu. Inamjua vipande vipande: jina jedwali hili, cheo jedwali lile, mkubwa wake wa kazi kwingine kabisa. Vijana wanaoandika programu siku hizi hawataki vipande. Wanataka wakimwita mfanyakazi aje mzima, na viatu vyake. Maktaba ndiyo inayokaa katikati kama mkalimani. Kijana anaomba mtu, mkalimani anashuka kwa Bibi, anaokota vipande, anaviunga, anapanda na mtu. Ila mkalimani wetu aliandikwa kwa ajili ya hifadhidata nyingine za kisasa, kwa hiyo kuna mahali lazima afundishwe tabia za Bibi.

Huyo mkalimani nilimpata mimi kwenye kongamano, nikarudi naye kichwa kimevimba. Siku hiyohiyo nikatoa waraka: maktaba hii ni ya kimataifa, isiguswe hata herufi moja. Fundi wetu wa programu, mama mmoja mpole ambaye hucheka bila kutoa sauti, akauliza kama haiguswi tutaifundishaje kuongea na Bibi. Nikamweleza kwamba huo ni mtazamo finyu. Maktaba haitalinganishwa na ofisi. Ofisi ndiyo italinganishwa na maktaba.

Tukaanza kujilinganisha. Bibi hapokei cheo chenye zaidi ya alama thelathini. Zamani makarani walikuwa wakifupisha kwa akili zao, lakini mkalimani hajui kufupisha, anajua kukata. Cheo changu, Mkurugenzi Mkuu wa Upatanisho, Ulinganifu na Uoanishaji wa Mifumo, kilikatwa palepale kwenye mkato wa kwanza. Nikaagiza kadi zangu zote zichapishwe upya, mkato ukiwemo. Wafanyakazi wakapiga makofi, na mimi nikayachukulia makofi yale kwa uzito.

Kisha maombi ya likizo yakakwama. Mkalimani akiombwa mfanyakazi, humleta pamoja na mkubwa wake, na mkubwa wa mkubwa wake, hadi juu kabisa. Juu kabisa niko mimi. Sasa, mkurugenzi wa kwanza wa idara hii hakupenda kuona kisanduku cha mkubwa wake kikiwa kitupu, kana kwamba yeye ni mtu asiye na kwao, kwa hiyo akajiandika mwenyewe. Sisi tuliomfuata tukairithi heshima hiyo. Bibi hakuwahi kulalamika. Lakini mkalimani alipofika kwangu akauliza mkubwa wa huyu ni nani, akaambiwa ni huyuhuyu. Akauliza na mkubwa wa huyuhuyu ni nani. Akazunguka hivyo mpaka kumbukumbu ya mashine ikajaa, mashine ikazima.

Aliyeumia kuliko wote ni fundi mwenyewe. Mama yake mzazi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho baada ya kuishi gizani kwa miaka mingi, na Ijumaa alikuwa anafunguliwa bandeji. Fundi alitaka awe mtu wa kwanza kuonwa. Ombi lake la likizo lilikuwa linanizunguka pamoja na mengine, na ruhusa za karatasi na za mdomo nilishazipiga marufuku kwa sababu za maendeleo. Akaja ofisini kwangu, akasimama mbele ya meza.

"Mkuu, kuna njia mbili. Tukiache kisanduku chako kitupu, au niandike mistari michache ya kumwambia mkalimani akikuta mtu ni mkubwa wa nafsi yake, aishie hapo."

"Ya kwanza inanidhalilisha. Ya pili inagusa maktaba."

"Mama anafunguliwa Ijumaa, mkuu."

"Nalifahamu hilo kwa uchungu," nikamwambia. "Ndiyo maana naunda kamati."

Kamati ilikaa chini ya Naibu wangu, mtu mkimya ambaye katika miaka yote ya utumishi sikuwahi kumsikia akipinga kitu. Alikuja na jibu kabla chai haijapoa. Ikiwa kisanduku hakiguswi, akasema kwa adabu, na maktaba haiguswi, basi kilichobaki cha kuguswa ni Mkurugenzi. Niondolewe kwenye jedwali kwa muda na kuhifadhiwa mahali salama. Kisanduku cha mkubwa wake yeye Naibu kitabaki kitupu, na hilo halimsumbui hata kidogo. Nikaona ni pendekezo la kizalendo. Nikatia saini, kisha nikawa wa kwanza kupiga makofi.

Mashine ikawaka kama imetoka dukani. Maombi yakapanda hadi kwa Naibu, naye akafanya jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: akayasoma, akabonyeza kukubali. Alhamisi mchana fundi akaondoka kwenda kwa mama yake.

Ijumaa asubuhi nikafika langoni na gari langu. Mlinzi, ambaye ananifungulia tangu mvi zangu zikiwa chache, akanipa shikamoo, akaichukua kadi, akaigusisha kwenye kifaa, akanirudishia.

"Inakataa, mkuu. Inasema hupo."

"Si unaniona?"

"Nakuona vizuri tu. Lakini waraka wako unasema tusiamini macho, tuamini mfumo."

Waraka ule niliuandika vizuri sana. Sikuona pa kupenya. Nikampigia Naibu, nikaambiwa yuko kwenye kikao changu. Nyuma yangu magari yakaanza kupanga foleni na kupiga honi. Nikampigia fundi.

"Subiri kidogo, mkuu," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo wanamfungua."

Akasahau kukata simu. Nikabaki juani, simu sikioni. Nikamsikia daktari akisema taratibu, taratibu. Halafu nikasikia sauti ya mama mtu mzima: "Mbona umekonda hivi, mwanangu?" Na fundi wangu, ambaye hucheka bila sauti, akacheka kwa sauti akilia. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikasahau niko upande gani wa lango. Kisha nikaona aibu, kwa sababu kama ningekuwa bado nimo kwenye lile jedwali, mama yule angefumbua macho akamkuta muuguzi.

Fundi akarudi kwenye simu. Nikamweleza yaliyonipata, naye akasema atamwambia mwenzake anirudishe. Akaniuliza kama sasa kisanduku kiachwe kitupu.

Ilikuwa niseme ndiyo tu. Lakini mlinzi alikuwa anasikiliza, na madereva wa nyuma walikuwa wametoa vichwa madirishani.

"Hapana," nikasema. "Mtu wa cheo changu hawezi kuwa na kisanduku kitupu."

"Basi lazima aandikwe mkubwa wako, na asiwe wewe mwenyewe."

"Andikeni yeyote, ilimradi pasiwe patupu."

Nadhani alikuwa ananihurumia. "Umesema yeyote, mkuu?"

"Yeyote," nikasema, kwa sauti ambayo hata magari ya nyuma yangeisikia.

Jumatatu lango likafunguka bila maneno. Nikapanda hadi ofisini, nikamkuta Naibu amekaa upande wangu wa meza. Akanikaribisha kwa heshima ileile ya siku zote, akanionyesha kiti cha wageni, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini Ijumaa sikuonekana kazini wala sikuomba ruhusa. Nikamjibu kwamba ni habari ndefu. Akasema hakuna shida, niiandike yote, nisaini, nimletee kabla ya saa za kazi kwisha. Ndiyo hii.