Malalamiko Dhidi ya Kiungo cha Midomo Mitatu

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka shambani kwetu, kusini mwa reli, ambako theluji imeyeyuka na ng'ombe wanatembea katika tope la magotini. Mimi ni mzima, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Naliomba gazeti lako liishawishi serikali ya jimbo letu la Saskatchewan ipige marufuku tii ya chuma, yaani kile kiungo chenye midomo mitatu kinachounganisha mipira ya haidroliki, ile mirija ya mafuta inayonyanyua koleo la trekta, ambayo meno yake ya kukazia hayalingani. Sababu zangu ni hizi.

1. Kinaharibu uadui. Mimi na jirani yangu Sigurd Halldorson tulikuwa hatusemezani tangu aliponiambia, mbele ya klabu nzima, kwamba nililigusa jiwe kwa ufagio, kosa kubwa, katika fainali ya mchezo wa kutelezesha mawe barafuni. Ulikuwa uadui safi, uliotunzwa. Nao ulilindwa na meno: trekta lake ni la Kiingereza, langu la Kimarekani, na hakuna mpira wake uliokubali kuingia kwangu. Hatukuweza kuazimana kitu hata kama tungetaka, na hatukutaka.

2. Kinaingilia mambo ya watu. Juzi nilikuwa chini ya koleo la mbele la trekta langu, nikikwangua tope, jambo ambalo mke wangu Lesia amenikataza mpaka amechoka. Mpira ukapasuka, koleo likashuka, likanibana mguu. Lesia akaleta jeki. Jeki ikazama topeni. Gari la wagonjwa likakwama getini. Mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi ndipo mke wangu, bila kunishauri, akampigia simu Sigurd.

3. Kinamtukuza adui. Alikuja na trekta lake, na tii mfukoni. Mdomo mmoja ukashika mpira wake. Wa pili ukashika mkono wa kushoto wa koleo langu, na wa tatu mkono wa kulia, ambao niliutoa kwenye trekta bovu na una meno ya peke yake. Mimi nimelala chali, naona viatu vyake tu. Nikamwambia hayo meno hayatashika. Akaendelea kukaza kwa spana, kisha akasema taratibu, "Wendell, funga mdomo. Ukinifia leo, mimi nitagombana na nani?"

Mtu aliyebanwa mguu, Ndugu Mhariri, ana haki ya kujibu, na kiungo kile kilininyima nafasi, kwa kuwa kilishika papo hapo. Mafuta yakapita, koleo likanyanyuka, Lesia akanivuta kwa makwapa. Hata tone halikuvuja. Walioniona nikilia waelewe kwamba tope liliniingia machoni.

4. Madhara yake yanaenea. Daktari amesema mguu utapona. Kwa hiyo kila asubuhi Sigurd analisha ng'ombe wangu, tena anawalisha vibaya, kisha anaingia jikoni na kumaliza pierogi zangu, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi. Ikiwa chuma cha ukubwa wa ngumi kimepatanisha Mwingereza, Mmarekani na chakavu, nini kitawazuia Walutheri na Wakatoliki wa Kiukraine wasile katika ukumbi mmoja? Kesho mtasikia Alberta na Quebec, majimbo yasiyopatana kamwe, yamekubaliana. Na majira ya baridi yalivyo marefu, tutamsengenya nani?

Napendekeza kiungo hiki kiuzwe kwa cheti cha daktari tu, na mnunuzi aape kwamba hana jirani.

Nisalimie mkeo, mpiga chapa wako, na yule mama anayeandika tanzia, ambaye nilikaribia kumpa kazi.

Ni mimi, niliyeokolewa bila ridhaa,
Wendell Prokopchuk

N.B. Sigurd amenisahihishia tahajia, na anasema sababu ya pili ni dhaifu. Kama nafasi ni finyu, tupa barua yote, uchapishe tangazo hili: "Zinatafutwa tii za chuma, mpya au kuukuu, za meno yoyote. Ziletwe kwa Prokopchuk au Halldorson, yeyote utakayemkuta. Tuko jiko moja, na kahawa ipo."