Kurugenzi ya Kushindwa Kitaalamu

Umma utambue kwamba chuo chetu ndicho cha kwanza kuanzisha Kurugenzi ya Kushindwa Kitaalamu, na kwamba mkurugenzi mwanzilishi ni mimi.

Hitaji lilikuwa dhahiri. Shule kubwa za biashara hazihangaiki tena na alama peke yake. Siku hizi humwambia mwombaji: tueleze ulivyowahi kushindwa, na ulijifunza nini. Na wanafunzi wetu, watoto wa watu, walikuwa wakishindwa ovyo ovyo, bila mpango wala kibali. Tukasema hapana. Kushindwa nako kufuate taratibu.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa binti wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake walimwita Jembe. Alama zake zilikuwa safi hadi zinatia huruma. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amemsomesha peke yake, na sasa binti alitaka shule ya biashara yenye nafasi chache mno za ufadhili.

"Huna hata doa moja," nilimwambia. "Maombi yako hayana mashiko."

"Sasa nifanyeje, mkurugenzi?"

"Tunakukabidhi mgahawa wa chuo. Uuangushe, kwa ustadi, kabla muhula haujaisha."

Mgahawa wenyewe ulikuwa mahututi tayari: chai ya uvuguvugu, meza zinazoyumba, mpishi mwenye kisirani. Nilijua ni kazi ya kumalizia tu.

Jembe akatuangusha sisi. Alishinda jikoni na mpishi, akagundua kisirani chote kinatokana na moshi wa jiko. Akatafuta fundi, bomba la moshi likatengenezwa. Mpishi akaanza kuimba. Chai ikaanza kutoka ya moto. Mara foleni ikafika mlango wa maktaba.

Nikamwita ofisini. "Binti, ndiyo nini hii? Watu wanashiba!"

"Samahani, mkurugenzi. Najitahidi."

Simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya mama yake, kubwa kiasi cha kusikika hadi kwangu.

"Mwanangu, umeshindwa?"

"Bado, mama."

"Jamani! Utashindwa lini? Mimi huku naomba Mungu kutwa kucha. Kaza buti, mama."

Machozi yakamlengalenga, nami si jiwe. Nikaunda Kamati ya Uwezeshaji, mwenyekiti mimi, wajumbe wakuu wa idara. Tuliweka kibali cha sukari. Kijiko kikawa hakitoki bila kitambulisho. Supu ikawa haipakuliwi mpaka kikao kikae, na kikao hakikai bila akidi. Mpishi akaacha kuimba. Wiki haijaisha, kwenye foleni alibaki paka, naye alionekana kuwa na mashaka. Mgahawa ukafungwa kwa mafanikio makubwa.

Wasaili wa ile shule ya biashara wakaja chuoni. Nilikaa kiti cha nyuma kumtia moyo binti yangu. Nilikuwa nimemkaririsha aseme alikosa maono.

"Haya, tueleze ulivyoshindwa," alisema kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani.

Jembe alinitazama, akavuta pumzi, halafu akageuka.

"Mgahawa ulikuwa unakwenda vizuri," alisema. "Ukaletewa kamati."

Akasimulia yote, sukari, kijiko, supu, akidi. "Kosa langu ni kwamba nilinyamaza," alimalizia. "Niliona wateja wanaondoka, mpishi anakosa kazi, nikaogopa wakubwa. Hapo ndipo niliposhindwa. Sirudii tena."

Wasaili walikuwa wamecheka mpaka mama yule akavua miwani kufuta macho. Kwa maneno ya mwisho wakatulia.

"Na hiyo kamati iliongozwa na nani?"

"Na mzee aliyekaa pale nyuma."

Nilisimama, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jembe alipata nafasi na ufadhili. Mpishi alirudishwa kazini, na kamati ikazuiwa kukaribia jiko, jambo ambalo bado nalikatia rufaa.

Lakini habari kubwa ni yangu. Shule ile hunialika kila mwaka kuzungumza na wanafunzi wapya. Jembe mwenyewe ndiye hunitambulisha. Somo linaitwa Jinsi Biashara Inavyouawa. Nikianza kueleza mafanikio yangu, ukumbi mzima huandika mbio mbio. Juzi kijana mmoja alinyoosha mkono, akauliza kwa heshima kama yale yote nilikuwa nikiyafanya makusudi.

"Makusudi peke yake hayatoshi, mwanangu," nilimjibu. "Hiki ni kipaji."

Wakanipigia makofi wakiwa wamesimama.