Nani Anataka Kuwafundisha Panzi?

Jumatatu, 27 Novemba

Sauti ile bado imo masikioni mwangu. Si filimbi, wala si bendi. Ni majukwaa ya bati: watu elfu tisa wakisimama kwa pamoja, robo ya tatu haijaisha, na kuanza kushuka kwenda nyumbani. Ngoma moja ndefu ya viatu. Hakuna aliyezomea. Hapa Pruitt, Kansas, watu hawazomei. Wanakunja blanketi zao na kuondoka. Tulikuwa nyuma 48 kwa 6.

Jana Kocha Lundquist alifukuzwa. Nilimpenda. Lakini sasa nina shida yangu mwenyewe.

Mimi ni mchambuzi wa takwimu wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo, Panzi wa Pruitt. Shahada mbili, dawati moja, kando ya mashine ya barafu. Kila kocha mkuu mpya huja na watu wake. Waliokuwapo hupewa boksi la kufungia vitu na keki ya kuagwa. Sitaki keki. Nataka kubaki. Kwa hiyo kocha mpya lazima awe mtu niliyemleta mimi.

Asubuhi Bi Stucky, mkurugenzi wa michezo, alituita sote akauliza ni kitu gani kitamfanya mtu mwenye akili timamu aitamani kazi hii. Tanner Wiebe wa ofisi ya wafadhili (shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe) akasema fedha. Kicheko. Akasema basi, mandhari. Kicheko kikubwa zaidi. Nikasema mvuto wa kazi unapimika, na kwamba ndani ya wiki moja nitapata kipimo na kocha wa kuendana nacho. Bi Stucky alinitazama kama mtu aliyeambiwa na mbwa wake kwamba anajua kuendesha gari. Akakubali! Akakumbusha tu kwamba tarehe 20 Desemba vijana wa sekondari wanatia saini vyuo watakavyochezea. Kumi na wanane wametuahidi. Bila kocha watakwenda kwingine, na mwakani tutachezesha nani, bendi?

Mchana alipita Kocha Goertzen. Verlin Goertzen, miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na tatu amefundisha safu ya mbele, wale vijana wakubwa kama majokofu wanaosukumana ili wengine wapate sifa. Sasa anaishikilia timu kwa muda. Aliniletea mikate ya nyama na kabichi, ya mkewe Twila. Akauliza, macho kwenye viatu, kama naona naye apeleke jina lake. Nikafungua kompyuta. Kati ya majina kumi na saba, yeye ni wa kumi na saba. Nikamwonyesha, kwa upole, kwa mchoro wa rangi. Akasema aa, sawa binti, namba ni namba. Akanishukuru. Akaniachia mikate yote.

Jumanne, 28 Novemba

Kipimo kimekamilika. Vigezo kumi na vinne: vipaji vya jirani, ukarimu wa wafadhili, subira ya wakubwa, ukubwa wa uwanja, hali ya hewa, udhaifu wa wapinzani, na kadhalika. Kazi bora kabisa nchini imepata 97 kwa mia. Yetu imepata 41.

Kosa liko kwenye vigezo, bila shaka. Nimeondoa hali ya hewa (upepo ni suala la mtazamo). Nimeongeza ukosefu wa foleni za magari. Nimeongeza ubora wa mikate ya mdalasini inayoliwa na supu ya maharage na pilipili, jambo ambalo kwalo hatuna mpinzani. Sasa ni 88. Sayansi ni kurudia rudia.

Nimempelekea kipimo hicho wakala wa Kocha Dax Rutledge. Namba moja kwenye orodha yangu! Miaka thelathini na minane, yuko Florida, ana meno mengi kuliko kawaida. Tanner alichungulia begani kwangu akauliza kama foleni za magari zimewahi kufunga bao. Nikamwambia hajui takwimu. Akasema, "Greta mwenzangu, ninachojua mimi ni kwamba umeipa supu alama kumi na uwanja alama tano." Kijicho.

Alhamisi, 30 Novemba

Rutledge anakuja Jumamosi! Nimeruka. Nimegonga goti kwenye mashine ya barafu. Haidhuru.

Sharti moja: siri. Bado ana timu, na ikijulikana anatazama kwingine, vijana wake watamkimbia. Na siri ndiyo kitu kigumu kuliko vyote Pruitt, maana msimu wa kutafuta kocha mji mzima huangalia ndege. Namba iliyoandikwa mkiani mwa ndege ya Mzee Orval Friesen, mfadhili wetu, muuza maghala ya nafaka, inajulikana kuliko namba ya zimamoto. Ikipaa tu, watu wanaifuata kwenye simu zao. Kinyozi anaifuata huku akinyoa. Bi Lorene anaifuata kanisani, simu ndani ya kitabu cha nyimbo.

Kwa hiyo mpango. Ndege ya Mzee Friesen ipae kesho, tupu, iende mji wowote usiohusika, itue, ikae saa mbili, irudi. Mji mzima utatazama huko. Keshokutwa, wakiwa bado wanabishana juu ya mji huo, Rutledge atashuka Wichita kwenye ndege ya abiria kama binadamu yeyote, na mimi nitamchukua kwa gari langu. Mji wa kupeleka ndege nimeuchagua kwa kompyuta, kwa bahati nasibu halisi, ili kusiwe na upendeleo wa kibinadamu. Umetoka Belknap. Mzee Friesen alicheka kwa simu, akasema tangu marehemu mkewe aache kumtuma dukani hajapata safari isiyo na maana namna hii, na kwamba atakwenda mwenyewe.

Nimejivunia sana leo. Naliandika hili ili nilikumbuke.

Ijumaa, 1 Desemba

Belknap ndiko anakoishi Buck Stoltz.

Kila mtu alijua isipokuwa kompyuta. Stoltz, yule mwenye pengo la mbele, kocha wa mahasimu wetu wa Marlow mpaka wiki iliyopita walipomfukuza. Aliyetufunga 63 kwa 3, kisha akafutia viatu vyake kwenye bendera yetu, mbele ya bendi, mbele ya watoto. Saa nne na robo ndege yetu ilitua Belknap. Saa nne na dakika ishirini kinyozi alifunga duka, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja.

Simu za ofisi hazikupumzika: mji umeamini tunamfuata Stoltz. Bi Lorene alipiga mara tatu. Ya kwanza alisema anatuombea. Ya pili alisema maombi yanakwenda polepole, kwa hiyo ameona apige tena. Ya tatu alilia tu. Redio ya hapa ilisimamisha bei za ngano kutangaza habari hiyo, jambo ambalo halikufanyika hata mwezi ulipokanyagwa na binadamu. Rais wa chuo amepata barua pepe mia tisa. Mji una watu elfu nne!

Kukanusha hatukuweza, maana tungeulizwa basi ndege ilifuata nini. Bi Stucky aliuliza nani alichagua Belknap. Nikasema ni hesabu. Akaniuliza kama hesabu hiyo ina mtu. Nikainua mkono. Tanner alinisukumia bilauri ya maji, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Jumamosi, 2 Desemba

Siku yenyewe. Nimemchukua Rutledge Wichita. Saa tatu za barabara iliyonyooka. Nilimweleza vigezo vyote kumi na vitano. Kwenye cha tisa aliuliza mbona hajaona mti. Kisha akauliza vijana wa kucheza wanatoka wapi, kwa sababu kwa saa moja na nusu amehesabu ng'ombe tu. Nikasema swali zuri. Nikaongeza sauti ya redio. Redio ilikuwa inamjadili Stoltz. Nikazima.

Langoni mwa uwanja, watu mia mbili na mabango: HAPANA! RUDI KWENU! Walipoona gari lenye mtu mwenye miwani ya jua walijua ni Stoltz. Rutledge alidhani ni yeye anayekataliwa. Nilitaka kueleza, lakini kinyozi alishafika dirishani, akamwambia kwa heshima zote kwamba hatakiwi hapa, bwana, sasa wala kesho. Halafu akamwuliza kama amekula. Rutledge akasema hapana. Wakamshusha, wakamketisha nyuma ya pikapu, wakampa bakuli la supu na mkate wa mdalasini. Bi Lorene akamfunika blanketi magotini kwa ajili ya upepo, akamtazama vizuri, akatangaza, "Jamani, huyu siye! Huyu ana meno!" Wakamwomba radhi. Wakamwongezea supu. Siri ilikuwa imekwisha, lakini alikula mabakuli matatu. Niliandika: kigezo cha supu kimethibitishwa.

Ndani, kwenye chumba cha kuvalia, kulikuwa na mtu juu ya ngazi akiziba dari inayovuja. Rutledge alidhani ni fundi. Akamwuliza, kiutani, kama kuna lolote zuri kuhusu kazi hapa. Mtu yule alishuka polepole, akafuta mikono. Kocha Goertzen, bila shaka. Alizungumza dakika arobaini. Sikuwahi kumsikia akizungumza zaidi ya dakika mbili. Alieleza kwamba mavuno yakichelewa yeye huenda kuendesha mashine mashambani kwa wazazi, ili kijana asikose mazoezi. Kwamba safu yake ya mbele ya kwanza kabisa hapa bado humpigia kila Jumapili, mmoja mmoja, na mmoja wao sasa ni daktari wa goti lake. Kwamba uwanja huu ukijaa, unasikika mpaka kwenye maghala ya nafaka. Na alipoulizwa umejaa lini mara ya mwisho, akasema, "Utajaa tu, bwana."

Rutledge alimshika mkono, akaaga. Garini, kurudi Wichita, nilianza tena kigezo cha kumi. Akanikatiza. Akauliza kama yule mzee aliomba kazi. Nikasema kwa namba zangu ni wa kumi na saba. Akasema, taratibu, kwamba mahali panapomweka mtu wa namna ile kwenye ngazi miaka ishirini na tatu bila kumwuliza, yeye watamfanyia nini akifungwa mechi tatu?

Swali la pili zuri. Sikuwa na redio ya kutosha.

Jumapili, 3 Desemba

Rutledge amejitoa. Wa pili amejitoa. Wa tatu hakuwahi kujua yumo. Kufikia saa tano nilikuwa nimepiga simu kumi na sita na kupata pole kumi na sita, moja kutoka kwa mama wa kocha.

Bi Stucky alikuja ofisini na nguo za kanisani. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama Verlin Goertzen alipeleka jina. Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria kusema sijui. Nikasema aliniuliza mimi, nami nikamwonyesha mchoro. Akakaa kwenye kiti changu. Kisha akasema niende kwake, mimi mwenyewe, sasa hivi, nikamwulize upya, na nisibebe kompyuta.

Kocha na Twila walikuwa mezani. Twila alinipakulia kabla sijaketi. Nikasema nimekuja kuuliza kama Kocha anaitaka kazi. Alitazama sahani. Akasema ameitaka tangu mwaka wake wa pili hapa. Kila kocha akifukuzwa, yeye hununua tai mpya na kungoja kuitwa. Ana tai sita. Safari hii alikata shauri kujipeleka mwenyewe, ndipo akaona mchoro, akaona mimi niliyeuchora ni msomi.

Twila akasema, "Msomi huyu hajamaliza kabichi yake." Nikamaliza.

Nikasema nilikosea. Ni sentensi fupi, lakini inachosha. Kocha akauliza kama nitabaki kufanya kazi naye, maana yeye kuhesabu hajui, na kuna mtu lazima ahesabu.

Jumanne, 5 Desemba

Ametangazwa. Alivaa tai mbili kwa makosa, moja juu ya nyingine. Walijaa watu mia nane ukumbini. Kinyozi alilia waziwazi. Mzee Friesen alisema ndege yake inaweza kupumzika, kocha amepatikana kwa miguu. Vijana kumi na saba kati ya kumi na wanane wamepiga simu kusema wanakuja, na wa kumi na nane mama yake amesema anakuja.

Nimehamishwa kutoka kwenye mashine ya barafu. Dawati jipya liko karibu na mlango wa Kocha. Tanner alinibebea boksi, akasema tukubali tu kwamba nilishinda kwa kushindwa. Nikamwambia ana shati zuri. Amani.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimetulia. Nimefikiri sana, na nimegundua kosa langu hasa lilikuwa nini.

Kigezo kimoja kilikosekana. Kazi huonekana tamu pale wengine wanapomtamani aliye nayo! Hakuna chuo kikubwa kinachomtaka kocha wetu, kwa hiyo kazi yetu inaonekana ya kawaida. Vyuo vikubwa vikimtaka Kocha Goertzen, hata vikinong'ona jina lake tu, Pruitt inapanda mpaka 93. Wafadhili watachangamka. Dari itatengenezwa na fundi wa kweli. Nimerudia hesabu mara nne.

Kwa hiyo leo saa mbili na dakika kumi asubuhi nimeviandikia vyuo vitatu vinavyotafuta kocha, kwa jina la mpenzi wa mchezo asiye na upande. Kurasa nne kila kimoja, na michoro ya rangi. Nimeeleza kuhusu mavuno, safu ya mbele, simu za Jumapili. Nadhani ndiyo maandishi yangu bora kabisa.

Viwili vimejibu kabla ya chakula cha mchana. Vimeomba namba ya simu ya nyumbani kwake. Nimewapa.