Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyeomba Msasa

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Umeme wa Magari.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: FUNDI KIMYA KULIDHARAU LORI LANGU

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mafundi wako wote ukimtoa mmoja. Mimi ni mmiliki na dereva wa lori liitwalo Bwana Harusi, ambalo bila shaka umeliona, maana hata asiyetaka huliona. Nimeliongezea taa za juu ya paji, taa za chini ya tumbo, redio yenye spika za kutosha ukumbi, feni, friji ndogo na honi ya sauti tatu. Vyote nimevifunga kwa mikono yangu. Waya zote za kurudisha umeme kwenye betri nilizikaza pamoja kwenye bolti moja ya chesisi, ule uti wa mgongo wa lori, kwa ajili ya unadhifu. Na kwa kuwa bolti hiyo ilikuwa na sura mbaya, niliipaka kwanza rangi ya dhahabu, yenyewe na chuma kinachoizunguka.

Tangu hapo lori lina vituko. Nikikanyaga breki, redio inazima na feni inaanza. Nikiwasha indiketa, taa zote zinakonyeza wapita njia. Asubuhi nyingine haliwaki kabisa. Ndipo nikamwita mwanachama wako, Fundi Kimya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikuja na kimfuko kimoja. Kwa lori la hadhi hii nilitegemea kompyuta, au angalau uso wenye wasiwasi.

2. Hakusifia chochote. Nilimwashia taa za tumbo, naye akazipita kama hazipo, akalala chini kuitazama bolti.

3. Alipoinuka alisema, "Mzee, nipe msasa." Ndugu Mwenyekiti, msasa ni kitu cha seremala. Nilipomuuliza wa nini, akajibu kwamba umeme haupiti kwenye rangi. Umeme unaoingia ndani ya friji ukatengeneza barafu, ushindwe na rangi?

4. Nilipomkatalia hakubishana. Alifunga kimfuko chake akaenda zake. Mtu asiyebishana anamnyima mwenzake nafasi ya kushinda.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu ndiye anayetafuta mizigo na kupatana na wateja, na miaka yote amekaa kiti cha pembeni, akinielekeza njia na kunisema. Feni ni kwa ajili yake, friji ni yake, redio niliifunga ili safari asiione ndefu. Sasa amenitamkia mbele ya watoto, "Kesho lisipowaka, madawati ya shule nayapakia kwa Kipara." Kipara ana lori lenye taa mbili na kiti kilichotoboka. Mke wangu akikizoea kiti hicho, mimi nitaendesha nikizungumza na nani? Nampenda, Ndugu Mwenyekiti, naandika wazi. Hivyo suala hili si la rangi tena. Fundi wako anavunja ndoa ya watu.

Kwa sababu hizo naomba chama kimpige marufuku Fundi Kimya kumiliki msasa wa aina yoyote. Pia kitoe tamko rasmi kwamba umeme unapita kwenye rangi, walau ya dhahabu. Mwisho, kiniletee fundi mwenye adabu anifungie betri ya pili, na ya tatu ya kuzisimamia hizo mbili.

Nisalimie wajumbe wa kamati, wake zao, wanafunzi wa gereji na mlinzi wa lango lenu, ambaye siku zote hulipigia lori langu saluti.

Wako mwenye kusubiri haki,
Mmiliki wa Bwana Harusi.

N.B. Asubuhi hii nilipokuwa natafuta bahasha nimesikia lori likiwaka. Mke wangu amefungua ile bolti na kuikwangua kwa kisu cha jikoni mpaka chuma kimeonekana. Sasa breki ni breki na feni ni feni. Tunakwenda kuchukua madawati. Yeye ameshakaa kwenye usukani, mimi nimeachiwa kiti cha pembeni. Anauliza kama chama chenu kinapokea wanawake. Mimi naomba jambo moja tu: Fundi Kimya asiione barua hii. Tunampitia njiani kumshukuru, na nimeagizwa nishuke mimi.