Homa ya Injinia Munyao

Munyao alimtambua mtu mwenye tamaa hata kabla ya kusalimiana naye. Siku hiyo hotelini sokoni Kanyangi, watu wote walilalamika kwamba mto umekauka na punda wamekonda kwa kubeba mitungi. Mzee mmoja tu, aliyevaa koti la kanisani siku ya soko, alikuwa na swali tofauti.

"Huyo mwenye kisima kule Mutomo," aliuliza, "mtungi mmoja anauza pesa ngapi?"

Munyao alikuwa meza ya pili akila muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye wosia.

Mzee huyo aliitwa Musyoka. Alikuwa mzee wa kanisa, na zizi lake la mbuzi lilijulikana hadi ng'ambo ya mto. Kabla chai haijapoa, Munyao alikuwa ameshageuka Injinia Munyao wa mradi wa maji, aliyetumwa na wafadhili waliobakiwa na kisima kimoja tu Kitui nzima na hawajui wakichimbe kwa nani.

"Maji ni ya jamii," Injinia alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mfereji unakaa kwa mwenye shamba."

Musyoka alisogeza kiti karibu. "Na ufunguo wa mfereji?"

"Ufunguo hukaa na mfereji."

"Bwana asifiwe," alisema Musyoka, na akalipia muthokoi.

Kulikuwa na sharti dogo. Wafadhili walitaka kuona mwenye shamba amejitolea. Si kwa pesa; Injinia alisononeka hata kusikia pesa zikitajwa mbele yake. Mbuzi wangetosha, maana wachimbaji ni watu wa kula. Musyoka alikubali, wakapanga siku ya kuja kupima maji na kuchukua mchango.

Hapa inafaa tumweleze Munyao vizuri. Kwao ni Kathonzweni, upande wa Makueni, na kule hakuna aliyemwita injinia, kwa sababu wengi walikuwa wamenunua kwake vifaranga wa kuku wa mayai waliokua wote wakawika. Alikuwa mwembamba hata akila vipi, na macho yake yalitokeza kidogo. Watu waliyaona macho hayo wakadhani ni ya mtu mkweli anayeshangazwa na uovu wa dunia. Kumbe ulikuwa ugonjwa. Daktari alimwambia tezi ya shingo yake inafanya kazi kupita kiasi, akampa dawa za kumeza kila siku. Munyao alizimeza mpaka alipojisikia nafuu, kisha akaziacha. Uvimbe wa shingoni aliufunika kwa skafu, nayo ikamzidishia uinjinia.

Siku ya kwenda kwa Musyoka aliamka na homa. Pua zimeziba, sauti imekwama, na sauti ndiyo jembe la mtu kama yeye. Alipita kwa kemisti, akaomba dawa kali ya mafua.

"Una presha?" mwenye duka aliuliza. "Ugonjwa wa moyo? Tezi ya shingo?"

"Sina."

Hakuwa na sababu ya kudanganya. Ilikuwa mazoea tu. Kumwambia mtu asiyemjua jambo la kweli kulimfanya ajione uchi.

"Basi meza moja asubuhi na moja jioni. Usizidishe."

Munyao aliona kwamba maagizo hayo ni ya watu wasio na kazi za kufanya. Alimeza za siku nzima kwa mpigo mmoja na kuzishushia kwa kahawa nyeusi. Akawasha pikapu aliyoazima, akavuka mto Athi. Njiani alipitia nyumba mbili ambazo nazo zilikuwa zimeahidiwa kisima hichohicho cha pekee, na kila moja ikampakilia mbuzi. Alipofika kwa Musyoka pua zilikuwa zimefunguka na alijisikia mjanja kuliko kawaida. Mbuzi wa hapo walipakiwa mara moja, kwa maombi.

Ikabaki kupima maji. Alitoa mita kuukuu ya fundi wa umeme, akaiunganisha na waya mbili za shaba, akaanza kutembea shambani. Musyoka alimfuata mikono ikiwa nyuma. Mkewe, Kalekye, alikuwa amekaa karibu na ghala akipepeta ndengu. Tangu mgeni afike alikuwa hajasema zaidi ya salamu.

Karibu na kichuguu, moyo wa Munyao ulianza kugonga. Kwanza polepole kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, kisha kama mtu anayetaka kuvunja mlango. Jasho likamtoka. Mikono ikatetemeka, na mshale wa mita ukacheza huku na huku.

Musyoka aliona mshale, akapiga magoti hapohapo. "Baba, umeyafungua maji ya chini ya nchi," aliomba, macho amefumba. "Na sisi utusaidie kuyauza kwa haki."

Kalekye aliweka ungo chini na kuja. "Injinia, unatoka jasho."

"Ni jua, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Jua limefunikwa na wingu." Alimshika mkono, akamketisha kivulini mwa ghala na kumlegezea skafu. Aliiangalia shingo, akaangalia pakiti ya tembe iliyochungulia mfuko wa shati, kisha akamtazama usoni. "Moyo unagonga hadi masikioni?"

"Ndiyo."

"Na unahisi kama kuna jambo baya linakuja, lakini hulijui?"

"Ndiyo, mwaitu. Umejuaje?"

Kalekye alishusha pumzi. "Musyoka hapendi niseme, kwa vile ni mzee wa kanisa. Baba yake alikula kiapo juu ya shamba hili kwa kithitu, ile hirizi ya wazee ya kuapia. Mtu akija kusema uongo juu ya udongo huu, moyo wake unakimbia mpaka unachoka. Kuna dalali alikuja kutupima shamba kwa kamba fupi. Alianza hivihivi."

"Akaishia wapi?"

"Watu wake walikuja kumchukua," alisema Kalekye. "Walikuja na jeneza."

Munyao alikuwa amecheka habari za kithitu maisha yake yote. Aliwahi hata kumuuzia mtu kimoja. Lakini kucheka kunahitaji moyo uliotulia, na wake ulikuwa unataka kutokea mdomoni.

"Nifanye nini?"

"Sema ukweli. Halafu acha kila ulichopata kwa uongo. Si cha hapa peke yake."

Alisema ukweli wote, hadi wa vifaranga. Musyoka alifumbua macho na kusikiliza akiwa bado amepiga magoti. Munyao alishusha mbuzi, wa Musyoka kwanza, kisha wale wengine. Aliacha na mita.

"Sasa nenda hospitali," alisema Kalekye. "Mzee atakuendesha."

"Kwani kithitu kinatibiwa hospitali?"

"Kithitu kimeridhika. Hospitali ni ya kumalizia. Na hizo tembe za mfukoni usiziguse tena. Kithitu hakipendi dawa za mafua."

Musyoka aliendesha pikapu hadi Mutomo bila kulaumu. Alitaka kukasirika, lakini zizi lake lilikuwa limeongezeka.

Daktari alimpima Munyao, akaitazama ile pakiti, akatikisa kichwa.

"Dawa hii ina kitu cha kufungua pua. Kitu hicho kinasukuma moyo. Tezi yako tayari inausukuma, na dawa yako umeiacha. Hapo ungeweza kufa. Kemisti hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Munyao alijifunga skafu yake upya. Walimlaza, wakamrudishia dawa yake ya tezi na nyingine ya kutuliza moyo. Moyo ulipokaa, akili nayo ikakaa, na akaanza kupatwa na uchungu wa aina nyingine. Alichukua simu na kutafuta namba ya Musyoka, aliyokuwa ameihifadhi kwa jina la Kisima. Aliyepokea ni Kalekye.

"Mwaitu, wewe unaugua tezi."

"Tangu nijifungue mtoto wa mwisho. Mwaka juzi nilimeza tembe kama zako, nikaanguka ibadani nikitetemeka. Watu wakasema nimejazwa Roho. Waliniimbia badala ya kunipeleka hospitali."

"Na kithitu?"

"Baba mkwe alikuwa mchungaji. Huyo hata ngoma ya harusi alikuwa anaikimbia."

Munyao akajaribu tena. "Lakini wale mbuzi wengine si wenu."

"Ni kweli. Tumetangaza kanisani mwenyewe aje, aeleze mbele ya watu vile mbuzi wake walichukuliwa. Hakuna aliyekuja. Naona watu wanaona haya."

Alifikiria kwenda polisi. Alijaribu kuipanga taarifa kichwani, akakosa pa kuanzia. Badala yake akajikuta anatabasamu.

"Mwaitu, umewahi kufikiria kuingia biashara?"

Kwenye simu zilisikika sauti za mbuzi wengi.

"Ile yako ya kisima ulikuwa unaiharibu," Kalekye alisema. "Ulikuwa unawaomba mbuzi. Mtu haombwi, anaachwa mpaka akusihi upokee." Akamsikiliza akipumua. "Wewe meza dawa yako kwanza. Siwezi kufanya kazi na mtu ambaye moyo wake unasema ukweli kabla ya mdomo."